Gunia la Tatu

SEHEMU YA KWANZA

Saa kumi na moja alfajiri Ba'mdogo alikuwa amepiga magoti nyuma ya kirikuu, tochi kaibana kwapani, anashona mdomo wa gunia la tatu kwa uzi mwekundu. Mawili ya kwanza yalishonwa tangu jana jioni na vijana wa mashineni, uzi mweupe, mshono wa haraka haraka. Hili alikataa lisiguswe.

"Zaka. Haya mawili ni zawadi tu. Apokee mama, wapokee watoto, apokee yeyote mtakayemkuta uani. Hili la uzi mwekundu anapewa mzee mwenyewe. Asipokuwepo, linabaki garini mpaka arudi."

"Hata akirudi kesho?"

"Hata akirudi kesho."

Nikamwuliza kama ndani kuna mchele au dhahabu. Ba'mdogo ni mtu wa utani. Hata matangani hutafutwa yeye ili watu wachangamke. Asubuhi ile alikata uzi kwa meno, akalipiga gunia makofi mawili kama unavyompiga ng'ombe uliyekwisha kumuuza, akaingia ndani bila kuniaga.

Chekereni saa hizo ni vyura na ubaridi wa maji. Tulikuwa tumevuna, majaruba yetu yamebaki vishina. La jirani, ambaye zamu yake ya maji iliangukia usiku, lilikuwa limejaa hadi kingoni, na humo ndani mlima mzima ulilala kichwa chini: Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Sisi watu wa chini ndivyo tunavyoujua. Niamshe usingizini uniambie nichore Kilimanjaro, nitaanza na lile kuba la barafu upande wa kushoto, kisha yale meno yaliyovunjika upande wa kulia, na nitakuapia kwamba hakuna mlima mwingine.

Felista nilimchukua Pasua, kwa dada yake. Alitoka na kikapu, chupa ya chai na masweta mawili.

"Moja lako," akasema. "Mtu wa mpunga hujui baridi."

Tulikuwa na mwaka na nusu tunapendana, lakini mapenzi yetu yalikuwa ya dakika ishirini ishirini. Yeye ni fundi cherehani Mbuyuni; mimi napeleka mchele sokoni mara mbili kwa wiki, nakaa kwenye kigoda pembeni ya cherehani yake, naongea mpaka mteja mwingine aje kupimwa. Hatukuwahi kukaa pamoja saa tano mfululizo. Barua ya posa ilikuwa bado. Baba yake, Mzee Aloyce wa Useri, alisema kabla ya kupokea karatasi anataka kumwona mwenye karatasi. Basi ndiyo nilikuwa naenda kuonekana.

Aligeuka kutazama magunia.

"Yote mchele?"

"Saro, wa kunukia. Ba'mdogo kachagua mwenyewe."

Akanyamaza kidogo. "Baba hali wali."

"Watakula wengine."

Akafunga mkanda, hakusema zaidi. Laiti ningeuliza.

Kwenye mzunguko wa YMCA niliwasha indiketa ya kulia. Kwenda Useri ni Himo, Marangu, Mkuu, unafika kabla chai haijapoa. Felista akaweka mkono juu ya usukani.

"Kata kushoto."

"Useri ni kulia."

"Najua kwetu ni wapi, Zaka. Kata kushoto tuzunguke mlima. Nimezaliwa upande wa Mawenzi, nashona upande wa Kibo, huko nyuma sijawahi kupaona. Nikishaolewa nani atanipeleka?"

Kuzunguka Kilimanjaro kwa gari ni zaidi ya kilomita 200: Bomang'ombe, Sanya Juu, Kamwanga, Rongai, Tarakea, ndipo ushuke Useri kwa mlango wa nyuma. Na kirikuu ya Ba'mdogo injini iko chini ya makalio yako. Ikipanda mlima unajua imechoka kabla geji haijasema. Lakini niseme ukweli wangu: njia ndefu ilimaanisha baba mkwe angenisubiri hadi jioni, na moyo wangu ulishukuru. Nikakata kushoto.

Tukavuka Weruweru, tukapita Kwa Sadala, tunacheka. Nikagundua mambo. Felista anafungua dirisha hata kukiwa na vumbi. Anasoma kwa sauti kila kibao cha barabarani, vya makanisa, vya shule, vya mafundi jeneza. Yeye naye aligundua kwamba mimi nikiogopa nanyamaza. Lori la mafuta lilitukaribia kwa nyuma, nikanyamaza kilomita tatu nzima, akanimenyea ndizi bila kuuliza.

Bomang'ombe tukaiacha lami ya Arusha, tukapanda kulia kuelekea Siha. Meru ukabaki kushoto kwetu, Kibo ukatusogelea hadi ukajaa kioo. Ndipo nikamkumbuka Ba'mdogo Jumapili ile Felista alipokuja Chekereni kwa mara ya kwanza. Tulikuwa mezani. Mama akamwuliza kama kwao wanaujua mpunga. Felista akajibu, kwa adabu zake, kwamba baba yake aliwahi kulima huku zamani, kabla yeye hajazaliwa. Ba'mdogo aliweka kijiko chini. Akasema anakwenda kuangalia maji. Siku hiyo haikuwa zamu yetu.

Sanya Juu tulisimama kununua viazi. Simu yangu ikaita. Mama.

"Zaka, mko wapi?"

"Njiani, mama. Tumepitia huku juu."

"Ba'mdogo yuko nanyi?"

"Hapana. Nimemwacha nyumbani."

Nikasikia akivuta pumzi. Tangu baba afariki mwaka 2008, alipogongwa usiku akitoka zamu ya maji, mama hapendi mtu achelewe kuonekana.

"Hayupo. Simu yake kaiacha mezani, na funguo za stoo juu yake. Na Zaka," sauti ikashuka, "kavaa lile koti la msibani."

Itaendelea Jumamosi ijayo.

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Zaka na Felista wako Sanya Juu, wanazunguka mlima kwenda Useri na magunia matatu ya mchele. Mama wa Zaka anapiga simu: Ba'mdogo ametoweka, na amevaa koti analovaa misibani tu. SASA ENDELEA.

Nilimwambia Felista nusu. Kwamba Ba'mdogo katoka bila kuaga. La koti nikalimeza.

"Atakuwa kaenda mjini," akasema.

"Atakuwa."

Baada ya Sanya Juu nchi inapanuka. Mashamba ya ngano, ng'ombe wa Wamasai, upepo mkavu, na mlima uko kulia kwako hauna haya, unakuonyesha mgongo wake wa magharibi ambao sisi wa Moshi hatujawahi kuulizwa kama tunaujua. Nilivaa sweta nikiwa naendesha, Felista kashika usukani upande mmoja, na hiyo, kama unataka kujua, ndiyo nukta niliyoamua kwamba nitamwoa hata baba yake akinifukuza na fimbo.

Kufika Kamwanga ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Upande wa kushoto, kunapofunguka, unaona tambarare za Kenya, Amboseli huko chini, kijivu na pana. Upande wa kulia miti ya msitu wa kupandwa wa Rongai imesimama kwa mistari kama wanafunzi. Hapo katikati ya miti ndipo tairi la nyuma lilipotoa upepo.

Jeki ilikuwepo. Lakini jeki ya Ba'mdogo ni ya gari dogo, na nyuma kulikuwa na kilo mia na hamsini. Ikabidi kushusha. Gunia la kwanza tulilishusha vizuri, mimi huku yeye kule. La pili likatuteleza kidogo. Wakati tunapumzika, ukungu ukafunguka.

"Zaka! Tazama!"

Nilitazama nikadhani macho yangu yamegeuka. Mawenzi ulikuwa kushoto. Kibo kulia. Mlima ule ule, vilele vile vile, vimebadilishana viti.

Felista akacheka mpaka akashika kiuno. "Sisi ndivyo tulivyozoea kuviona! Nilipofika Moshi mara ya kwanza nilidhani nyie ndio mmevigeuza."

Akanisimulia, ameegemea bodi ya gari, kile kisa ambacho kila mtoto wa Kichagga anakijua na mimi Mpare nimekisikia vipande vipande: Mawenzi moto wake ulizimika, akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, akapewa na ndizi juu. Akarudi tena, umezimika. Akarudi tena. Mara ya tatu Kibo akakasirika, akashika mchi akamtwanga kichwani, na ndiyo maana Mawenzi umechongoka namna ile, mita 5,149 za makovu, na Kibo umekaa laini juu ya wote na mita zake 5,895.

"Chini huko mnasema Mawenzi alikuwa mvivu," akasema. "Baba anasema jirani haombi moto mara tatu kwa kupenda. Anasema tatizo lilikuwa la aliyeombwa."

Ukungu ukafunga. Tukalishika gunia la tatu.

Sitasema nani aliachia kwanza, maana mpaka leo tunabishana. Lilianguka kwa kona juu ya jiwe, uzi mwekundu ukakatika kama ulikuwa unangoja, mchele ukamwagika majanini. Felista akapiga magoti kukusanya kwa kanga. Mkono wake ukaingia ndani kuuzuia usiendelee kumwagika, ukasimama.

"Kuna kitu."

Akatoa kifurushi cha nailoni kilichozungushiwa mpira wa baiskeli. Nilimwambia asifungue. Nilisema Ba'mdogo kaagiza. Akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona katika dakika zote ishirini ishirini za Mbuyuni.

"Kitu cha baba yangu kimefichwa kwenye mchele, mimi ndiye nakipeleka, nisikijue?"

Ndani kulikuwa na jani moja refu, limekauka hadi rangi ya tumbaku, limefungwa fundo katikati. Hata mimi nililijua. Isale. Ule mmea ambao Wachagga wanaupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu kosa la kukosa maneno, unafunga jani lake unampelekea. Halikataliwi. Hata kama ni mtu aliyekuulia, wazee wanasema, isale likifika mlangoni unapokea kwanza, ugomvi utazungumzwa baadaye.

Felista hakulitazama jani. Alitazama fundo. Fundi cherehani kila kitu kwake ni mshono.

"Aliyefunga ni mashoto," akasema. "Kama wewe."

"Ba'mdogo si mashoto."

"Basi si yeye. Na halikuchumwa jana, Zaka. Hili lina miaka."

Chini ya jani kulikuwa na karatasi ya daftari la mistari, mikunjo yake imekuwa tundu. Alinisomea kwa sauti, kama alivyosoma vibao njia nzima, mpaka sauti ikamwishia:

"Nimepokea jaruba la ndugu yangu Aloyce, mita 30 kwa 100, kwa sababu yeye kapanda kwao kumzika baba yake. Akirudi nitampa. Mwezi wa nane, 1987."

Mtoto wa Chekereni hahitaji kufafanuliwa mwaka huo. Ndio mwaka ule mradi wa Wajapani ulipokamilika. Maji ya Rau na Njoro yakaletwa kwa mifereji ya saruji, ardhi ikasawazishwa, ikakatwa majaruba ya mita 30 kwa 100, na mtu akawa ni yule aliye na jaruba. Baadaye waliokaa juu ya mifereji nao wakaonja utamu wa mpunga, wakafungulia maji mashambani mwao, na sisi wa chini tukaanza kuhesabu zamu na kulala mashambani na tochi. Lakini mwaka ule maji yalikuwa tele, na jaruba lilikuwa maisha ya mtu. Ada yangu ya shule, tangu darasa la kwanza hadi fomu foo, ilitoka kwenye jaruba moja la pembeni ambalo nyumbani tuliliita "lile la mzee". Nilidhani mzee ni babu.

"Soma jina la mwisho," Felista akasema. Hakuwa analia. Alinipa karatasi kama unavyompa mtu kisu, kwa upande wa mpini.

Sikuhitaji jina. Ile Z ya "kumzika", iliyokatwa katikati kwa kistari kidogo, nimeiona kila Krismasi kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia ya nyumbani, pale palipoandikwa siku niliyozaliwa.

Mwandiko ulikuwa wa baba yangu.

Itaendelea Jumamosi ijayo.

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Gunia limepasuka msituni Rongai. Ndani kuna isale kavu na karatasi ya mwaka 1987 iliyoandikwa na marehemu baba wa Zaka. SASA ENDELEA.

Tairi tulibadilisha bila kusemezana. Nilipomaliza nikakuta Felista kakaa kwenye kiti cha dereva.

"Naendesha mimi. Ukinyamaza na usukani mkononi utatuua."

Alikuwa anaendesha vizuri kuliko mimi. Hilo nalo sikulijua.

Tarakea tulipita siku ya soko, watu wa pande mbili za mpaka wamejaa barabarani na mahindi na maharage, mbuzi mmoja kalala mbele yetu hataki kuondoka. Siku nyingine tungecheka. Baada ya soko ndipo alipoanza kuongea, macho mbele.

"Kwetu wali haupikwi. Hata Krismasi. Watoto wa majirani walikuwa wanatucheka. Mama alisema tu, baba yenu wali unamkaba. Nilikua nikijua ni ugonjwa wa koo."

"Felista..."

"Alizika, akakaa matanga, akashuka. Akakuta jina lake halipo na rafiki yake hamtazami usoni. Hayo nimeyasikia siku moja tu, kalewa mbege, anamsimulia padri. Huku kwetu maji ni shida, unajua. Mito ya Rombo ni mabonde makavu. Alishukia Chekereni kufuata maji. Akarudi kufuata ndoo, pamoja na mama. Jina la rafiki hakulitaja." Akabadilisha gia. "Na mimi nimempelekea kilo mia na hamsini za mchele wake."

Sikuwa na neno. Jani lilikuwa mapajani mwangu, na nikagundua nimelishika kwa mkono wa kushoto.

Useri tulifika jua likiwa nyuma ya mlima. Huko giza linaanza mapema. Kibo unalimeza jua wakati Chekereni bado watu wanaanika mpunga. Njia ya kwao ni nyembamba, migomba huku na huku, kahawa chini yake, na ukingoni safu ya masale mabichi, marefu kuliko mtu. Felista akazima injini.

Kwenye nguzo ya geti kulikuwa kumetundikwa koti. Jeusi, kwapa la kushoto limeshonwa kwa uzi wa kahawia. Nililijua kabla sijashuka. Ba'mdogo alikuwa amefika.

Mzee Aloyce alisimama mlangoni, mrefu, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba," Felista akasema.

"Marahaba, mama. Umepita njia gani ndefu hivyo?"

"Shikamoo, mzee," nikasema mimi.

Hakuitikia. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, na alipofika usoni alisimama muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka pesa alimkopesha nani.

"Ba'mdogo wako kaja na basi la Himo, yuko hapa tangu saa nne," akasema. "Kaleta hili." Akafunua kofia. Ndani kulikuwa na isale bichi, limefungwa fundo, bado lina maji. "Nimelipokea. Kaomba radhi kwa ajili ya kaka yake, nimemkaribisha ndani, kapewa mtori. Yamekwisha hayo. Ingieni."

Ningeweza kuingia. Mara nyingi nimefikiri, ningeingia tu nikala mtori. Lakini kifurushi kilikuwa mkononi, na Ba'mdogo aliagiza mkono kwa mkono.

"Mzee, kuna na hili."

Nikanyoosha jani kavu.

Mzee Aloyce alilitazama. Kofia ikamwanguka, isale bichi likabiringika kwenye vumbi. Akarudi hatua moja, kisha ya pili, mikono akaipeleka nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Baba," Felista akasema, "isale halikataliwi. Wewe ndiye ulinifundisha."

Hakumjibu. Nyuma yake, mlangoni, Ba'mdogo alikuwa amesimama na shati tupu kwenye baridi ile.

"Zaka," akasema. "Lile koti si langu. Ni la baba yako. Nilimvua barabarani, ile siku. Tulikwambia alikuwa anatoka zamu ya maji." Akameza mate. "Hatukuwa na zamu. Alikuwa kwenye safari ya kuja hapa, na jani lilikuwa mfukoni mwake. Miaka yote nimeamini hakuwahi kufika."

Tulimgeukia wote watatu Mzee Aloyce. Alikuwa ameukabili ukuta, viganja viwili bado nyuma ya mgongo, vinatetemeka.

"Alifika," akasema.

Itaendelea Jumamosi ijayo.